Mwembechai Wapo?

Kwa miaka kumi na kitu nilipita Mwembechai mara mbili kwa siku, asubuhi nikielekea Posta na jioni nikirudi Mbezi, na sikuwahi kujiuliza huo mwembe uko wapi. Konda aligonga bodi la daladala kwa sarafu na kuuliza, "Mwembechai wapo?" Wakiwapo, mtu anaitikia "Wapo!" na gari linasimama. Wasipokuwapo, dereva anakanyaga mafuta. Hivyo ndivyo nilivyoyajua majina ya Dar es Salaam: kwa kuyasikia yakiulizwa. Mapipa wapo? Usalama wapo? Kagera je?

Aliyenifanya niyasikilize upya ni mjomba wangu wa Iringa, alipokuja mjini kutibiwa macho. Siku ya tatu akataka kwenda Kariakoo peke yake. Nikamwambia, ukimaliza panda gari la Mbezi. Saa kumi na moja jioni simu ikaita. "Mjomba, hapa naambiwa ni Afrikana." (Kwetu mjomba na mpwa wote huitana mjomba, basi usishangae.) Mimi naishi Mbezi ya Barabara ya Morogoro. Yeye alikuwa Mbezi Beach, barabara ya Bagamoyo, upande mwingine kabisa wa jiji, anatazama watu wakinunua samaki.

Nilipomfikia hakuwa na hasira. Alikuwa na maswali. Kwa nini Mbezi ziwe mbili? Kwa nini kituo cha Dar es Salaam kiitwe Afrikana, kingine Argentina, kingine Morocco? Mapipa yako wapi? Yeye anatoka kwenye mji ambao jina lake lina jibu moja linalotosha: Iringa ni lilinga, ngome kwa Kihehe, na ngome ya Mkwawa pale Kalenga ilikuwapo kweli mpaka Wajerumani walipoibomoa kwa mizinga Oktoba 1894. Ukimuuliza Mhehe jina la mji wake anakujibu kwa sentensi moja. Mimi, mzaliwa wa Dar, nilikuwa na "nasikia" tupu mdomoni.

Nikaanza na vilivyo rahisi. Kiswahili kina fundi mmoja mdogo anayeitwa -ni. Mpe mti wowote, atakujengea mtaa. Mikocheni ni penye mikoche, mti wa jamii ya minazi ambao, tofauti na mnazi, shina lake hugawanyika kuwa matawi. Mkwajuni palikuwa na mkwaju. Mchikichini palikuwa na mchikichi, mti wa mawese. Mivinjeni ni mivinje, ile miti ya pwani inayovuma upepo ukipita kama mtu anayevuta pumzi ndefu. Mbuyuni haihitaji maelezo. Ukiyaokota majina haya kituo kwa kituo, unapata picha ya pwani ilivyokuwa kabla ya lami: ardhi ya watu waliotambua njia kwa miti, na waliojua kila mti kwa jina lake. Leo mtu wa Mikocheni anaweza kuzeeka bila kuonyeshwa mkoche.

Mwembechai nao ni mwembe, na wakongwe wa Magomeni husema chini yake iliuzwa chai. Sina sababu ya kuwabishia. Mwembe una kivuli kizito, chai inahitaji kivuli na benchi, na penye benchi pana abiria. Lakini jina halibaki na maana ile ya kwanza milele. Kwa Waislamu wengi wa jiji hili, Mwembechai si chai wala mwembe. Ni Februari 1998, polisi walipofyatua risasi katika vurugu za msikiti wa pale na watu wakafa. Mjomba alikuwa akiisoma habari hiyo magazetini kule Iringa. Tulipopita kituoni akaniuliza kwa sauti ya chini, "Ndiyo hapa?" Nikamjibu ndiyo. Jina lile lile, na hakuwa akiulizia mti.

Sasa kuna majina ambayo maelezo yake ni matamu mno, na hapo ndipo nilipoanza kuwa mgumu. Msasani, kwa mfano. Hadithi inayosimuliwa sana ni kwamba alikuwapo mtu aitwaye Mussa Hassan, na watu walipolitamka jina lake haraka haraka likawa Msasani. Nzuri. Ila fundi wetu -ni amekaa mwishoni mwa neno akitutazama. Msasa ni mti. Majani yake yanakwaruza kama ulimi wa paka, na mafundi seremala waliyatumia kulainishia mbao kabla ya karatasi ya dukani kuja na kurithi jina hilo hilo. Ndiyo maana hadi leo tunapiga mbao msasa, na hata hotuba na miswada. Mtaa uliozungukwa na Mikocheni, Mkwajuni na Mbuyuni, kisha wenyewe uitwe kwa jina la bwana mmoja lililokosewa kutamkwa? Mimi nasimama na mti. Mussa Hassan na wajukuu zake wanisamehe.

Mwananyamala ni mtihani mwingine. Husemwa kuwa ni maneno ya mama wa Kizaramo akimtuliza mtoto: mwana, nyamaza. Kwa nini anyamaze, kila msimulizi ana jibu lake. Wengine wanamleta simba, wengine wanawaleta wakamata watumwa. Hapa sijali sana ni yupi mkweli. Ninachokipenda ni kwamba chini ya jina hilo kuna Kizaramo, lugha ya wenyewe wa ardhi hii, ambayo kijana wa Mwananyamala wa leo haijui. Analitamka kila siku neno la lugha asiyoijua, akidhani ni jina tu.

Kuhusu jiji lenyewe nitapita haraka, kwa sababu kila mtu amelisimulia. Palikuwa na kijiji cha Mzizima. Miaka ya 1860 Sultani Majid bin Said wa Zanzibar akapapenda kwa ajili ya bandari yake tulivu, akaanza kujenga, akapaita kwa Kiarabu kwa jina la amani, akafa mwaka 1870 kabla mji haujachangamka. Mdogo wake Barghash aliyemrithi hakuushughulikia. Wajerumani ndio walioufufua, na mwaka 1891 wakahamishia hapa makao makuu yao kutoka Bagamoyo. Mzizima haikufa moja kwa moja. Imejificha kwenye soka: Simba wakicheza na Azam watangazaji wanaita Dabi ya Mzizima. Jina la kijiji cha wavuvi limerudi kupitia kipaza sauti.

Simba na Yanga wakikutana, hiyo ni Dabi ya Kariakoo. Na Kariakoo ndiyo iliyonikalisha macho usiku.

Kila mwenye kusoma historia kidogo anajua kuwa neno linatokana na Kiingereza, Carrier Corps, kikosi cha wapagazi. Linafundishwa hata shuleni, kwa sentensi moja, halafu mwalimu anaendelea. Sikuwahi kukaa nayo hiyo sentensi. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliiteka Dar es Salaam Septemba 1916. Mbele yao ilikuwa nchi pana isiyo na barabara, wakimfukuza von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, kusini, na mbung'o walikuwa wakiwaua farasi na wanyama wa mizigo. Kilichobaki cha kubebea unga, risasi na machela ni kichwa cha mtu. Wakaandikishwa, wengi bila kuulizwa, kutoka kila kona ya Afrika Mashariki. Mahali ambapo Wajerumani walikuwa wameshajenga banda la soko pakageuzwa kambi ya wapagazi hao. Wakazi wakasikia "karia koo" kwenye midomo ya maofisa, wakalipa neno mavazi ya Kiswahili, na likabaki. Nairobi ilitokea vile vile: kule kuna Kariokor, karibu na Pumwani. Kambi mbili, nchi mbili, neno moja lililosikiwa na masikio tofauti.

Idadi ya wapagazi waliokufa upande wa Waingereza, kwa hesabu zao wenyewe, ni zaidi ya 40,000. Wengi wao hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara, kwa homa, kwa njaa na kwa mvua.

Sasa simama katikati ya Kariakoo usome vibao vya mitaa. Mtaa wa Narung'ombe. Mtaa wa Mahiwa. Mtaa wa Tandamti. Nimenunua viatu Narung'ombe nikiwa mtoto, nikishikilia gauni la mama nisipotee, na nilidhani ni jina la mtu mwenye ng'ombe wengi. Kumbe ukifungua habari za vita vile, mwaka 1917 pekee, unakuta pambano la Narung'ombe bara ya Kilwa mwezi Julai, la Tandamuti karibu na Lindi mwezi Agosti, na la Mahiwa mwezi Oktoba. Mahiwa palikuwa pabaya. Kwa siku nne upande wa Waingereza ulipoteza zaidi ya watu 2,000, waliouawa na waliojeruhiwa, na Lettow naye alipoteza askari asioweza kuwapata tena.

Nilipoyaweka majina hayo matatu pamoja nilijihisi mjinga. Kambi ya wapagazi ilipogeuka mtaa wa Waafrika, mitaa yake ilibeba majina ya mahali ambapo wapagazi wale wale walipeleka mizigo na kutorudi. Hatukufichwa. Imeandikwa kwenye bati, mita chache juu ya vichwa vyetu, na sisi tunapita chini tukiulizana bei ya jora la kitenge.

Mjini, kwenye Barabara ya Samora, lipo Sanamu la Askari, lile la shaba, singe imeelekezwa bandarini. Lilizinduliwa mwaka 1927. Maandishi yake yanawataja pia wapagazi, kwamba walikuwa miguu na mikono ya jeshi, na yanaahidi kuwa anayepigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Nimeyasoma nikiwa na mjomba, yeye akiwa ameziba jicho moja kwa bandeji. Akalizunguka sanamu mara mbili akitafuta majina ya hao watu. Hakuna hata moja. Jina lililokumbukwa ni la kikosi, tena kwa lugha ya bwana wao, na tumelipa soko.

Sipendi hata hivyo kuiacha Kariakoo na huzuni peke yake, maana wenyeji wake wangenicheka. Soko la ghorofa alilolibuni msanifu Beda Amuli lilifunguliwa mwaka 1975, likaungua Julai 2021, na hata liliposimama kufanya kazi hakuna aliyesema Kariakoo imefungwa. Mitaa iliendelea kuuza. Jina lilishatoka kwenye jengo zamani, likaenda kwa watu.

Jirani na Kariakoo, bondeni, kuna Jangwani. Mgeni akifika mwezi wa nne huwa anacheka: mahali panapoitwa jangwa pamejaa maji hadi kiunoni. Mto Msimbazi unatoka vilima vya Pugu, unapita hapo kwenda kumwagika baharini kwenye Daraja la Selander (Salenda, tunavyosema, na mhandisi wa watu mwenye jina hilo, huko aliko, amezoea). Mvua ikizidi barabara inafungwa na mabasi yanasimama. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu jijini, na familia za bondeni zikahamishiwa Mabwepande. Mimi nilikuwa mmoja wa wanaocheka jina hilo, mpaka mjomba, ambaye ni mkulima, aliponisahihisha. Jangwa si lazima liwe na mchanga na ngamia. Ni mahali patupu, pasipo mti wala nyumba. "Na mahali penye mto pakiwa patupu," akasema, "mzee aliyepaita hivyo alikuwa anakuonya." Alilisema hilo dirishani, ndani ya basi la mwendokasi, kwa namna ya kawaida kabisa, kisha akaniomba maji ya kunywa.

Mnazi Mmoja nao nilikuwa nimeuelewa nusu. Mnazi ulikuwapo, sawa. Lakini uwanja ule mrefu wa wazi haukuachwa wazi kwa ajili ya mnazi wala upepo. Wakoloni waliigawa Dar kwa rangi, pwani Wazungu, katikati Wahindi, nyuma Waafrika, na uwazi huo ulikuwa ukanda wa kutenganisha Uhindini na Kariakoo. Watu walioishi kando yake wakatazama ukanda wa ubaguzi, wakaona mnazi. Sijui kama ni dharau au ni busara, ila napenda walichochagua kukiona.

Ofisi nazo hutoa majina, na jiji huamua lipi limeze. Mtaa wa Kichwele uligeuzwa Uhuru, New Street ikawa Lumumba, Barabara ya Pugu ikawa Nyerere. Haya yalimezwa, ingawa marehemu bibi yangu alikwenda Kichwele mpaka siku yake ya mwisho. Lakini makutano ya juu yaliyofunguliwa mwaka 2018 kwa jina la Mfugale, mwulize bodaboda: atakwambia fulaiova ya Tazara. Tazara yenyewe si jina, ni vifupi vya shirika la reli ya Tanzania na Zambia, vimekaa pale tangu reli ijengwe miaka ya 1970 mpaka vikaota mizizi. Urafiki ni kiwanda cha nguo cha msaada wa Wachina. Morocco ilikuwa hoteli. Stendi ya mabasi ya mikoani ilihama Ubungo kwenda Mbezi mwaka 2021, na kituo cha mwendokasi bado kinaitwa Ubungo Terminal, kama nyumba inayoitwa kwa jina la mpangaji aliyehama.

Kuna pia fundi wa pili baada ya -ni, naye ni "kwa". Kwa Mtogole. Kwa Msuguri. Mtoni kwa Azizi Ally. Huyu wa mwisho alikuwa Aziz Ali, baba wa Dossa Aziz aliyekuwa miongoni mwa waasisi 17 wa TANU mwaka 1954. Mtoto aliingia kwenye vitabu, baba akaingia kwenye daladala. Ukinilazimisha kuchagua, nachagua daladala. Ili serikali iite barabara jina lako inabidi uwe mkubwa, na mara nyingi uwe umekufa. Ili konda aite kituo jina lako inatosha uwe na nyumba, duka au kisima mahali ambapo watu wanashuka.

Mwaka 2022 likaja zoezi la anwani za makazi, na hata njia yetu ya vumbi kule Mbezi ikapata nguzo na kibao. Mtaa wetu sasa una jina rasmi lililoandikwa vizuri, herufi nyeupe. Nimeliandika kwenye fomu mara mbili. Kwenye maisha ya kawaida tunakaa "Kwenye Tangi", kwa sababu kwenye kona palikuwa na tangi jeusi la maji la jirani mmoja, lita elfu tano, juu ya mnara wa matofali. Jirani aliuza kiwanja, tangi likashushwa, mnara ukabomolewa, pakajengwa fremu za maduka.

Mjomba alirudi kwa uchunguzi wa jicho la pili miezi sita baadaye. Nilikuwa kazini, nikamwelekeza kwa simu: shuka Mbezi Luis, si ile nyingine, chukua bodaboda, mwambie Kwenye Tangi. Jioni nikamkuta sebuleni amevua viatu, anakunywa chai.

"Hukupotea?"

"Nilipotea wapi? Nilimwambia Kwenye Tangi, akanileta." Akapuliza chai. "Ila mjomba, tangi lenyewe sijaliona."